Naomba ushauri: hoteli ya kawaida katikati ya jiji, na mama ni mgonjwa

Habari zenu ndugu zangu. Nampeleka mama jijini kwa matibabu, na nimepata hoteli ndogo ya bei nafuu iliyo jirani kabisa na hospitali. Mahali ilipo ni pazuri mno, hatutahitaji hata usafiri. Kinachonipa wasiwasi ni usingizi wake. Vyumba vya mbele vinatazama barabara kuu, vya nyuma vinatazama ua wenye jenereta. Ghorofa za juu kelele hupungua, lakini magoti yanamsumbua na lifti hakuna. Nichukue chumba cha nyuma ghorofa ya kwanza, au mnaonaje?

Halafu tutafika alfajiri, na vyumba wanatoa saa nane mchana. Najua wengine hulipia usiku wa kabla ili waingie mapema, wengine huacha mizigo mapokezi na kusubiri. Kwa mgonjwa, kusubiri hivyo ni mateso. Nikiwapigia simu kabla ya kulipa, huwa wanaelewa?

Na malipo ya awali je, mmewahi kurudishiwa tarehe zilipobadilika? Daktari anaweza kuahirisha miadi wakati wowote. Mliowahi kulala na mzazi kwenye hoteli za namna hii, nisaidieni tafadhali.