Dabo kabini kuvuta trela la boksi lenye gari ndani: zikatazwe au ziachwe?

Fundi wa Maweni
Assalaam aleikum wana Malindi, Watamu, Lamu na wengine wote. Mimi na kakangu tumemaliza kutengeneza Datsun ya zamani ya rali ya mteja wetu wa Watamu. Rangi ishapigwa, sasa yatakiwa Naivasha na mwenyewe hataki iguswe na chumvi wala vumbi, kwa hivyo amenunua trela la boksi, lile lililofunikwa kote, ekseli mbili, mlango wa nyuma ukiushusha wawa ndio daraja ya kupandishia gari. Trela tupu ni kilo 1650, Datsun 1080, mataya ya akiba na jeki na vifaa kama 300, jumla 3030. Za kuvutia ziko mbili, Hilux 3.0 ya 2010 ya kakangu, na Landkruza pikapu ya injini ya 1HZ ya jirani ambayo atatukodisha. Kakangu ashikilia Hilux, mimi nasema Landkruza, na kuna mzee hapa gereji asema sheria ingezikataza dabo kabini zote, hizi pikapu za milango minne, kuvuta haya madude, kazi iwe ya lori peke yake. Nyinyi mwaonaje?

Dereva wa Mombasa Road
Landkruza. Kila mtu huuliza gari itavuta? Hata trakta yavuta. Uliza itazuia? Lile boksi ni ukuta. Mimi nilivuta moja mwezi wa saba, kusi imekaza, nikaingia daraja la Kilifi kutoka upande wa Mnarani na upepo ukanipiga ubavuni kutoka baharini. Usukani ukawa mwepesi mkononi, naangalia kioo naona trela lacheza kiuno, mara liko kulia mara liko kushoto. Hapo ukikanyaga breki ya gari umekwisha. Nilitoa mguu kwa mafuta pole pole nikabana breki ya trela peke yake kwa mkono, ikatulia. Gari nyepesi ingepinduliwa.

Kijana wa Barani
1HZ haina turbo, ile ya kusukuma hewa ndani ya injini. Kutoka baharini mpaka Nairobi ni kama mita 1700 kwenda juu, Limuru yapita 2200, hewa yapungua na injini isiyo na turbo yapungua nayo nguvu. Na hio ni safari ya Naivasha sio ya Mambrui. Kuanzia Mtito mpaka Salama mtakuwa gia ya tatu na malori yote nyuma yenu yapiga honi, watu waanza kuovateki vibaya kwa sababu yenu, hio pia ni ajali. Hilux ina turbo na imeandikwa kilo 3500. Nyinyi wazee wa 1HZ mwatembea 40 mwadhani huo ndo usalama.

Dereva wa Mombasa Road
Mzee ni nani? Nina miaka 41. Miaka 19 niko barabara hio na sijamgusa mtu, wewe leseni yako ina muda gani? Nijibu hilo kwanza.

Mwalimu wa Ngala
Hio 3500 ni ya Hilux mpya ya 2.8, ya 2010 iko chini ya hapo, kitabu cha gari kiko kwa dashbodi kisome. Na hata hizo zilizoandikwa 3500 watu hawamalizi hesabu. Chukua Ranger ya 3.2 ambayo kila mtu aisifu. Gari na trela pamoja mwisho ni kilo 6000. Ukivuta 3500 gari yenyewe imebakiwa na 2500, na ikiwa tupu ni kama 2200. Kwa hivyo umebakisha 300 za dereva, abiria, tangi la mafuta limejaa, toubaa, ile chuma ya nyuma ya kufungia trela, na sanduku la spana. Watu wanne wa kawaida na mafuta umemaliza. Hivyo ndivyo mtu avuka kipimo na akiapa hajavuka.

Nahodha wa Matondoni
Nduyangu fundi, mimi niko Amu na naona mwabishana gari gani na hakuna aliyeuliza mzigo umepangwa vipi. Trela huwa lacheza kwa sababu uzito umekaa tezi, yaani nyuma. Pua ya trela, pale linapofungwa kwa gari, yatakiwa ilalie gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, yaani kwenu ni kilo 303 na kuendelea. Ikipungua trela latafuta njia yake. Ni kama jahazi, farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, ukiiweka vibaya chombo chakataa usukani, hata uwe na nahodha gani. Pima pua kwanza ndio uchague gari, na uangalie toubaa na springi za nyuma zaruhusu kilo ngapi kubonyezwa.

Kijana wa Barani
Sasa na watu wa Lamu watufundisha trela? Huko kwenu gari zahesabika kwa vidole, mwabeba kila kitu na punda. Mzee tuachie mambo ya barabara, nyinyi endeleeni na punda wenu.

Nahodha wa Matondoni
Kijana, nimekuwa kimya kwa adabu lakini hili silinyamazii. Wajua shogi wewe? Lile jamvi la mifuko miwili mgongoni mwa punda. Ukitia mawe mengi upande mmoja shogi lageuka na punda aanguka kichochoroni, na vile vichochoro vyetu punda akianguka hakuna apitaye. Mtoto wa miaka kumi Amu ajua kupanga mzigo ukae sawa na hajawahi kuona toubaa. Wewe una gari na hujui. Mji wetu UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001, na punda ni sehemu ya mji huo. Usitutukane.

Mmalindi Halisi
Mzee Nahodha twawaheshimu lakini tusifichane, hao punda nao wateswa. Mimi nimesimama pale bandarini nikaona punda amebebeshwa saruji mifuko mitatu, kilo 150, ana kidonda mgongoni chekundu kimejaa nzi. Hilo nalo ni kupanga mzigo?

Nahodha wa Matondoni
Kidonda hicho ni aibu na mimi mwenyewe nimegombana na watu kwa jambo hilo. Ndio mana kuna kituo cha matibabu ya punda Lamu tangu 1987, bure, na wenye punda wapeleka. Malindi punda wa mikokoteni wakiumia wapelekwa wapi? Nijibu.

Binti Shela
Ni kweli kabisa. Na wanaoleta hayo mawe na saruji wajenga hoteli za wageni, sio sisi. Punda apigwa ili hoteli iishe haraka.

Mmalindi Halisi
Usigeuze mambo dada. Anayepiga ni mwenye punda, sio mwenye hoteli.

Binti Shela
Na anayelipa kwa safari sio kwa siku ni nani? Akilipwa kwa safari lazima apakie zaidi apunguze safari. Hata malori yenu ya mchanga ni hivyo hivyo.

Dereva wa Mombasa Road
Hapo dada umesema ukweli mtupu. Tulipokuwa twalipwa kwa tripu ndio tulikuwa twapita mizani ya Mariakani roho mkononi.

Bi Mavueni
Jamani. Nimesoma yote haya nikasema niandike au ninyamaze. Mimi nauza chakula pale njia panda ya Mavueni. Miaka minne iliyopita dabo kabini ilikuwa yavuta trela, sio la boksi, la kawaida tu lenye jenereta, ikaruka tuta, trela likachomoka. Gari ikaendelea na safari, trela likaja peke yake kwa watu. Mdogo wangu alikuwa ameinama achota maji kwa ndoo, hakuliona. Mguu wake wa kushoto mpaka leo hauko sawa. Mwenye gari akasema mpira wa chuma wa kufungia trela ulikuwa umekaza. Polisi alipoinama kuangalia, minyororo ilikuwepo lakini imezungushwa juu ya chuma ya trela, safi, haijawahi kufungwa hata siku moja. Nyinyi hapa mwabishana punda na turbo. Mimi nasema zikatazwe zote.

Kijana wa Barani
Pole sana mama. Lakini hapo kosa ni la dereva, dabo kabini haina kosa. Hata lori lisilofungwa mnyororo lachomoka.

Bi Mavueni
Dereva wa lori huangaliwa leseni ya trela, ana tanboi anayeshuka kukagua. Mwenye dabo kabini ana leseni ya gari ndogo na haraka zake. Nani amefundishwa kufunga mnyororo hapo? Wewe ulifundishwa shule ya udereva?

Kijana wa Barani
La. Sikufundishwa.

Mwalimu wa Ngala
Nchi nyingi trela lisilo na breki zake mwenyewe mwisho ni kilo 750, juu ya hapo lazima trela liwe na breki. Tuanzie hapo kabla ya kukataza. Hapa kwetu hata trela la boti la kilo 1500 utaliona laenda Watamu halina breki wala taa.

Mmalindi Halisi
Ukigusa maboti umegusa watu wakubwa, haitapita.

Nahodha wa Matondoni
Mama Mavueni, pole sana na Mungu ampe mdogo wako nafuu. Minyororo iwe miwili na ipishane msalaba chini ya pua ya trela, ili likichomoka pua ilalie minyororo isichimbe lami. Fundi, uko wapi? Umepima?

Fundi wa Maweni
Nipo, nilikuwa nasoma nikiwa nimenuna kwa sababu niliuliza gari nikaletewa punda. Lakini jana nimepima. Sina mizani ya kilo 300, nina ile ya kusimamia mtu ya mke wangu mwisho wake 150, basi mzee mmoja gereji akanionyesha. Unaweka mbao nene, upande huu tofali upande ule mizani, kati yao futi tatu. Mguu wa pua ya trela unaukanyagisha juu ya mbao futi moja kutoka kwa tofali. Mizani itasoma theluthi, wewe wazidisha kwa tatu. Nikateremsha jeki pole pole, ikasoma 41. Mara tatu ni 123. Kakangu akasema mizani imeharibika, akapanda yeye, ikasoma 78 na ndio uzito wake.

Tulikuwa tumeiingiza Datsun kwa rivasi ili Naivasha itoke kwa mbele mbele, injini ikawa nyuma kabisa, na mataya yote tumeyapanga mlangoni. Tukaitoa, tukaiingiza na pua mbele, mataya tukayafunga kwa mikanda ukuta wa mbele. Sasa yasoma 108, yaani 324. Mzee Nahodha, trela ni lile lile na kilo ni zile zile. Ningeondoka na 123 nikaingia daraja la Kilifi na hii kusi. Sikulala vizuri jana.

Kijana wa Barani
Mzee Nahodha, nilichosema cha punda nimekosa. Niwie radhi. Turbo bado naishikilia.

Nahodha wa Matondoni
Yamekwisha mwanangu.

Mmalindi Halisi
Lakini la kidonda cha punda halijaisha.

Dereva wa Mombasa Road
Fundi, gari gani basi?

Fundi wa Maweni
Landkruza. Hilux na hizi 324 mgongoni ilikaa taa zaangalia mnazi, na kitabu chake kimemnyamazisha kakangu ingawa haniongeleshi. Mlimani tutakwenda pole pole na tukiona foleni nyuma tutasimama pembeni wapite. Kuteremka Mai Mahiu ni gia ya pili kutoka juu mpaka chini, hata wapige honi vipi. Twatoka alfajiri ya Jumapili, Mavueni tunakata Kaloleni tutokee Mariakani, Mombasa hatuingii. Bi Mavueni, minyororo ni miwili, nimeifunga msalaba kwa mkono wangu. Nitasimama hapo kwako uiangalie.

Bi Mavueni
Mwapita saa ngapi?