Tovuti moja tu haifunguki kwa waifai ya nyumbani, kwa data ya simu inafunguka. Ni DNS au?

waya_mrefu:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu inanichanganya. Intaneti ya nyumbani iko poa kabisa, video zinacheza, meseji zinaingia, kila tovuti inafunguka isipokuwa moja tu, ni ya kufundishia watoto kusoma herufi na maneno. Kwenye laptopu inaniletea DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, kwenye simu kwa waifai hiyohiyo nayo inagoma, ila nikizima waifai nikatumia data inafunguka fasta tu. Nimezima ruta nimewasha, nimefuta historia, nimejaribu brauza nyingine, wapi. Kuna jamaa kaniambia niweke DNS (ile seva inayotafuta namba ya IP ya jina la tovuti) ya 8.8.8.8, yaani ya Google, nimeweka kwenye laptopu, vilevile. Sasa kama DNS nimebadilisha na bado inagoma, si ina maana shida siyo DNS? Natumia Windows 11.

pasua_kichwa:
Weka VPN mkuu, kazi imeisha. Mambo ya kuhangaika na ruta ya nini.

mama_swichi:
VPN itaifungua, sikatai, kwa sababu inapeleka maswali yote ya DNS kwa njia yake. Ila hapo utakuwa unapita dirishani kwa sababu kitasa cha mlango kimekwama, na kila simu ya mle ndani itabidi iwekewe VPN, mtoto naye umfundishe kuiwasha.

waya_mrefu, anza na huo ujumbe uliopata maana unasema mengi. NXDOMAIN siyo kwamba DNS haijajibu. Imejibu, tena kwa kujiamini, ikasema jina hilo halipo duniani. Ingekuwa haijajibu kabisa ungeona habari za timeout, na ingekuwa imeshindwa kulitafuta njiani ungeona SERVFAIL ukipima na nslookup. Sasa kwa data ya simu jina lipo, kwa waifai halipo, kwa hiyo kuna mmoja kati ya hawa wanaojibu anadanganya na kazi yetu ni kumjua ni nani. Usibadilishe kitu kingine chochote kwanza. Fungua cmd (lile dirisha la kuandikia amri), andika nslookup, nafasi, jina la tovuti, bonyeza enta. Halafu rudia hivyohivyo lakini mwishoni ongeza nafasi na 8.8.8.8. Tuletee majibu yote mawili kama yalivyo, hasa ile mistari miwili ya juu ambayo watu huwa wanairuka.

Na ujue nslookup haiangalii keshi ya Windows (majibu ya zamani iliyoyahifadhi) wala faili la hosts (orodha ya majina iliyomo ndani ya kompyuta), inaenda kuuliza seva moja kwa moja, ndiyo maana naipenda kuliko ping kwa kazi hii.

waya_mrefu:
Asante dada. Ya kwanza imeleta hivi:

Server: UnKnown
Address: fe80::1
* UnKnown can't find (jina la tovuti): Non-existent domain

Ya pili yenye 8.8.8.8 imeleta namba za IP mbili, vizuri tu. Ila sielewi, mimi si nimeshaweka 8.8.8.8 kwenye setingi? Hiyo fe80 imetoka wapi?

kebo_ya_bluu:
Hapo hapo! Hiyo fe80::1 ni ruta yako mwenyewe kwa anwani ya IPv6, ule mfumo mpya wa namba za mtandao, IPv4 ni ule wa zamani. Ulibadilisha DNS ya IPv4 peke yake, IPv6 bado inachukua ile inayotangazwa na ruta, na Windows ikiwa na zote mbili mara nyingi inaanza na ya IPv6. Hii inawapata watu kibao, mtu anaweka 8.8.8.8, anaona hakuna mabadiliko, anahitimisha DNS haina kosa, kumbe hajawahi kuitumia hiyo 8.8.8.8 hata sekunde moja.

Nenda Setingi, Network & internet, fungua waifai yako, tafuta DNS server assignment, bonyeza Edit, chagua Manual, utaona swichi ya IPv4 na chini yake ya IPv6. Washa na hiyo ya IPv6 uweke 2001:4860:4860::8888, hiyo ni Google hiyohiyo. Ukisevu rudi kwenye cmd andika ipconfig /flushdns maana hata jibu la "halipo" nalo linawekwa kwenye keshi, halafu funga brauza yote uifungue upya.

bwana_pingi:
Au zima IPv6 tu, nani anaitumia

kebo_ya_bluu:
Hapana bwana, acha watu na IPv6 yao. Tovuti kubwa nyingi zinapita huko na mtu hata hajui.

nukta_nukta:
Naongeza kitu kimoja kabla hamjafika mbali. Kuna ruta, na kuna mitandao pia, inayoyadaka maswali yote ya DNS yanayopita poti 53 (mlango wa kawaida wa DNS) na kuyajibu yenyewe, yaani unamwuliza 8.8.8.8 halafu anakujibu mwingine kwa jina lake. Kwake yeye haielekei kuwa hivyo maana 8.8.8.8 imempa jibu tofauti na la ruta, ila kwa watakaosoma huu uzi baadaye, namna ya kupima ni kuuliza mahali ambapo hakuna seva. Andika nslookup, jina la tovuti yoyote, halafu 192.0.2.1. Hiyo anwani imetengwa kwa ajili ya mifano kwenye vitabu na maelekezo, hakuna mtu anayeishi pale. Ikigoma baada ya kusubiri, uko salama. Ukipata jibu zuri kabisa, basi kuna mtu katikati. Hapo kubadilisha namba za DNS ni kazi bure, dawa ni DNS iliyofichwa, ile ya ndani ya brauza inayopita poti 443 pamoja na kurasa za kawaida za https.

waya_mrefu:
Imefungukaaa kwenye laptopu! Asanteni sana, ilikuwa hiyo IPv6 kweli. Na hiyo 192.0.2.1 nimejaribu, imegoma. Sasa simu nazifanyaje? Nimeingia kwenye Private DNS ya Android nikaweka 8.8.8.8 inakataa, kitufe cha kusevu hakibonyezeki.

kebo_ya_bluu:
Private DNS haitaki namba inataka jina, andika dns.google, au ukitaka ya Cloudflare ni one.one.one.one. Ipo kuanzia Android 9.

mama_swichi:
Subirini jamani, mnamkimbiza. Mgonjwa hapa ni ruta au ni seva ya kampuni inayomwuzia intaneti, na hilo hatujalijua bado. Tukiweka plasta kwenye kila kifaa, siku akinunua TV tutarudi hapahapa.

waya_mrefu ingia kwenye ukurasa wa ruta, ile 192.168.1.1 au namba iliyobandikwa chini yake, tafuta sehemu ya status ya WAN (upande wa ruta unaoelekea kwa kampuni). Utaona DNS mbili ambazo ruta imepewa na kampuni. Chukua ya kwanza, rudi kwenye cmd uulize nslookup kwa kumalizia na namba hiyo. Ikijibu halipo, shida ni ya kwao, wapigie simu uwaambie seva yao namba fulani inarudisha NXDOMAIN kwa jina fulani, ukiwaambia hivyo angalau watashindwa kukuambia zima ruta uwashe. Ikikupa IP nzuri basi muongo ni ruta yako, na ruta ikidanganya jina moja tu ikaacha mengine yote, mimi naanza na kichujio. Angalia parental control, URL filter, chochote cha namna hiyo.

waya_mrefu:
Seva ya kampuni imejibu vizuri, IP zilezile mbili. Nikaenda kwenye parental control nikakuta imewashwa, na kuna orodha ya maneno ya kuzuia ambayo sikuiweka mimi, nadhani imekuja na ruta. Kuna casino, poker, na lipo neno "bet". Tovuti yenyewe ndani ya jina lake kuna neno alphabet 😂😂😂

pasua_kichwa:
Hahahaha mtoto anajifunza a e i o u ruta inaona anacheza kamari

nukta_nukta:
Hii ni kesi ya zamani sana. Mwaka 1996 AOL ilikuwa inawakatalia watu wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza kufungua akaunti kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofuatana ambazo ni tusi la Kiingereza. Na hiyo "bet" yako bado ina kazi, imekaa ndani ya diabetes, kwa hiyo mwenye kisukari akitafuta ushauri kwa waifai yako naye anaambiwa tovuti haipo. Elizabeth naye hapiti.

mama_swichi:
Ndiyo maana kichujio cha aina hii nakichukia. Kingesema "nimezuia" mtu angejua kwa kwenda, lakini kinajibu "halipo" na mtu anahangaika na waya. Lifute hilo neno, kamari zuia kwa majina kamili ya tovuti kama unataka kuzuia. Halafu rudisha DNS ya laptopu iwe Automatic, la sivyo laptopu itakuwa inakiruka kichujio chote na mtoto atakigundua kabla yako.

waya_mrefu:
Nimefuta, laptopu nimeirudisha automatic na bado inafunguka. Simu moja imekubali, ya pili bado inasema haipo.

kebo_ya_bluu:
Imeshikilia lile jibu la zamani hiyo. Weka airplane mode, toa, funga brauza kabisa ujaribu tena.

waya_mrefu:
Imekubali. Mbarikiwe wakuu.