Ndege ndogo ya familia ya kutua kwenye uwanja wa majani, ipi?

mtuwamalindi: Wadau salama? Tuko wanne, mimi mke na watoto wawili, nataka ndege ya kutoka hapa Malindi kwenda Manda kule Lamu na vile viwanja vifupi vya nyasi, nimeona Cessna 172 bei si mbaya, itafaa?

rubani_mstaafu: Viti vinne inavyo ila jaza watu, mabegi na tangi ful kwa joto la Februari, majani yamelowa, uone itakavyojikokota mpaka uwanja uishe 😂 chukua Cessna 182, injini ya nguvu farasi 230.

shela_boy: Cessna 206 bana! Viti sita, mlango mkubwa nyuma. Kunywa mafuta lakini balaa, na avgas, petroli ya ndege, huipati petrol stesheni.

mtuwamalindi: Na ndege aina ya Maule, ya gurudumu la mkiani, je?

rubani_mstaafu: Kwa viwanja vifupi vya majani hiyo ndo yenyewe, ila upepo wa kusi ukikupiga ubavuni wakati wa kutua utajua hujui. Kama hujazoea achana nayo.

fundi_bati: Mnasahau chumvi ya bahari nyinyi, inakula bati. Fungua vifuniko vya chini ya mbawa, mulika tochi kwenye ribiti na kebo, rangi mpya isikudanganye.