Tufundishe utawala wa sheria shuleni wakati kitabu cha viboko hakijazwi?

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Vijana wakigoma au wakichoma bweni, utasikia watu wazima wanasema "wafundishwe uraia". Mbona wanafundishwa tangu shule ya msingi? Muulize wa kidato cha pili utawala wa sheria ni nini, atakukaririshia kwa Kiingereza kama kilivyo daftarini: hakuna aliye juu ya sheria. Kesho yake anachelewa namba, anakula fimbo saba za nguvu mbele ya wenzake.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya Tanzania zinasema visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu chake. Nani hapa amewahi kukiona hicho kitabu?

Hoja yangu ni kwamba somo la haki lianzie kwenye kanuni hiyo. Kabla ya mihimili mitatu ya dola, mwanafunzi asomewe sheria inayomgusa mgongoni, kwa Kiswahili, na aambiwe kitabu kinakaa wapi. Anayeona huu ni uchochezi aseme kwa nini.

Mwalimu wa sekondari ya kata

Ni uchochezi, mkuu, ingawa wa heshima. Darasa langu lina wanafunzi themanini na kitu. Nikiwapa hiyo kanuni Jumatatu, Jumanne nina mawakili themanini. Wewe utakuwa nyumbani unaandika, mimi niko mstarini. Na kuna kitu hamkisemi: mzazi ndiye anayeniletea mtoto na kuniambia "mwalimu, huyu nimekuachia, unirudishie macho tu". Kwa kanuni gani hapo?

Mzazi, Tanga

Mimi nimo humo humo. Samaki mkunje angali mbichi. Haki mnazitaja sana, wajibu mnaupitia juu juu.

Mwanasheria

Mzazi, wajibu umeandikwa pia, tena kwenye Katiba hiyo hiyo. Lakini ibara ya 13(6) haikuweka umri inapokataza adhabu za kumtweza au kumdhalilisha mtu, na inapompa mtu haki ya kusikilizwa kwanza. Mtoto aliyechelewa kwa sababu daladala ilikataa kumpakia anasikilizwa saa ngapi?

Tena mwalimu, usiogope mawakili themanini. Mimi nawaogopa zaidi wale waliokwisha jifunza kwamba sheria ni ya kuandikia mtihani. Kumbukeni Oktoba 2019. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati ule, Albert Chalamila, alikwenda shule moja ya Chunya baada ya mabweni kuungua, akawachapa wanafunzi kwa mkono wake mbele ya kamera. Hakuwa mkuu wa shule wala mwalimu. Rais Magufuli akamsifu hadharani, nchi nzima ikapiga makofi. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyomruhusu binti kuolewa na miaka 15, ni kinyume cha Katiba. Ile kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe, mwaka ukapita patupu. Kijana aliyefuata habari za mwezi ule alipata somo kamili la uraia, na halikuwa lile la kwenye silabasi.

Mkenya mwenzenu

Jirani zangu, sisi tulipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001. Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya viboko, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Na watoto bado wanachapwa, ni vile tu mlango unafungwa kwanza. Kwa hivyo kuandika sheria peke yake, au kuisoma kwa sauti darasani, msiitegemee sana.

Mwanzisha mada

Asante jirani, hilo linaniuma lakini linanisaidia pia. Tofauti ni kwamba huku kwetu kiboko kinaruhusiwa, kwa masharti. Mimi hata sijaomba kifutwe, ingawa ningefurahi. Tangu mwanafunzi wa Bukoba afariki mwaka 2018 baada ya kupigwa na mwalimu, sioni tunangoja nini. Naomba masharti yaliyopo yafuatwe na anayechapwa ayajue. Mwalimu, hilo nalo ni kubwa?

Mwalimu wa sekondari ya kata

Si kubwa kwenye karatasi. Haya, nimekubali, nimebandika kanuni ukutani. Mtoto kachapwa sita, kitabu hakina jina lake. Anakwenda kwa nani? Mkuu wa shule ndiye mtunza kitabu, na pengine ndiye mchapaji. Akienda kwa afisa elimu kata, jioni mkuu ameshapigiwa simu. Mtoto ana miaka miwili ya kukaa na sisi baada ya hapo.

Mwanasheria

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mwanajamii yeyote mwenye taarifa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Si lazima mtoto aende mwenyewe. Kuna pia simu ya bure ya mtoto, 116.

Mwalimu wa sekondari ya kata

Simu hairuhusiwi shuleni, wakili. Wale wa Chunya kesi yao ilianzia kwenye kukutwa na simu.

Mzazi, Tanga

Basi hiyo namba mtupe sisi wazazi. Na hicho kitabu kiletwe kwenye kikao cha wazazi, tukisome kama tunavyosomewa michango. Bado nasema mtoto akunjwe, lakini nataka kujua mara ngapi na nani.

Mwanzisha mada

Mama, hapo nipo nawe. Wengine mnaosoma kimya, kikao chenu kijacho ni lini, na nani atakiulizia hicho kitabu?