Ploti ya Dunga: jirani wanapinga nipunguziwe mita 30 za ziwa. Nifanyeje?

Ploti_Dunga:
Wadau, naomba ushauri. Ploti iko Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria: futi 50 kwa 100, hati iko, upande mrefu unateremkia ziwani na wa juu uko barabarani. Kutoka bikoni (alama za mpaka) za chini hadi ukingo wa maji ni mita 22 kwa tepu, zilizopimwa wakati wa kiangazi. Zinapungua mita 8 kufika 30 za ukanda wa ziwa usiojengwa, kwa hiyo nataka kuiomba kaunti iniruhusu nianzie nyumba pale pale bikoni. Jirani wawili wameandika barua ya kupinga: eti maramu (udongo wa kujazia) nitakayojaza itawasukumia maji, na choo kitavujia ziwani. Jirani wa tatu amejenga kama mita 12 kutoka majini na hajaguswa. Je, kaunti ina uwezo wa kunilegezea?

Saveya_Kondele:
Ndugu, kabla ya kaunti, kipimo chenyewe hakiko sawa. Umepima kutoka maji ya leo. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilihesabu kutoka kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa: mita 2 za kwenda juu au mita 30 za mlalo, na kile kinachotoka kifupi ndicho kinachotumika. Ukingo wa mafunjo au magugu maji si alama ya chochote, yanahama.

Chukua mfano wa kukadiria tu. Tuseme alama ya juu iko sentimita 60 juu ya maji ya leo, na ardhi yako inapanda mita 1 kwa kila mita 20. Alama hiyo itaangukia mita 12 ndani kutoka majini. Mita 2 za kwenda juu zingehitaji mita 40 za mlalo, kwa hiyo zinatumika 30. Ukanda unaishia mita 42 kutoka maji ya leo. Umepoteza mita 20 za ploti, si 8, na urefu wako wote ni kama 30.

Mteremko ukiwa mkali zaidi, mita 1 kwa kila 10, hadithi ni nyingine kabisa: alama iko mita 6 ndani, mita 2 za juu zinafikiwa kwa mita 20, jumla 26. Hapo umepoteza mita 4 tu. Mpaka kati ya hali hizi mbili ni mita 1 kwa 15. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima mwinuko. Tepu haitoshi.

Mipango_Milimani:
Saveya amemaliza sehemu ngumu. Kuhusu mamlaka: kaunti inatoa kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na inaweza kulegeza mistari yake yenyewe, yaani nafasi ya barabarani na ya pembeni. Ukanda wa ziwa si wake kuugawa. Huo uko kwa WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, na kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira kinakataza kuweka jengo ndani ya ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi inayotanguliwa na tathmini ya mazingira.

Wengi hujidanganya na siku 60: kaunti isipojibu maombi ndani ya muda huo, kibali huhesabiwa kimetolewa. Usijenge kwenye ukanda kwa kutegemea hilo. Ukimya wa kaunti haujibu kwa niaba ya WRA.

Ukikataliwa, una siku 14 kwenda kwa kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti, halafu Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kujenga bila kibali ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Ploti_Dunga:
Asanteni. Na yule wa mita 12?

Mipango_Milimani:
Kosa lake si kibali chako. Ukimtaja kwenye maombi, umewaonyesha wakaguzi nyumba mbili badala ya moja.

Mkaazi_Nyalenda:
Barua za jirani zina uzito zikitaja kitu kinachopimika. "Hatumtaki" haina maana. Lakini "akijaza maramu kimo cha mita 1, mtaro wa upande wa mashariki unazibwa na maji yatarudi ploti ya juu" inamlazimu afisa kuja kuangalia. Kwa hili, kusema kweli, nawaunga mkono jirani zako. Kifusi hakiondoi mafuriko, kinayahamisha. Tena kwenye ukanda huo kanuni za 2007 zilikataza kuchimba udongo, kulima, kukata miti ya kiasili, kutupa taka na kujenga jengo la kudumu. Shamba bado ni lako kwa hati, ila matumizi yana mipaka. Miti ya kiasili panda, mikalitusi usiilete.

Kihoto_Naivasha:
Huku kwetu umbali haukuwa ndio kipimo. Makubaliano ya 1933 ya ardhi ya ukingo wa Naivasha yalifuata kontua (mstari wa kimo kimoja) ya futi 6,210, yaani kama mita 1,892.8 juu ya usawa wa bahari. Maji yakirudi nyuma, ardhi inayofichuka inavutia wajenzi. Yakipanda, Kihoto inakuwa bwawa, kama 2020. Ziwa halisomi bikoni.

Saveya_Kondele:
Hapo kuna mtego. Geji ya Jinja, kipimo cha kimo cha Ziwa Victoria upande wa Uganda, ilisoma mita 13.41 mwaka 1964, ikasoma 13.42 Mei 2020, na 2024 maji yakapanda tena. Hizo ni namba za geji, si mwinuko juu ya bahari. Mpimaji wako akitumia GPS, naye anapata kimo cha mashine, kinachotofautiana na usawa wa bahari kwa mita kadhaa. Mwambie aanzie alama rasmi ya mwinuko na aandike kwenye ramani ametumia ipi. Ukikosea nusu mita kwa mteremko wa 1 kwa 20, mstari umehama mita 10.

Fundi_Msingi:
Choo nacho kisisahaulike. Pale maji ya ardhini yako juu, tangi la maji taka likinyonywa na kubaki tupu linaweza kuinuliwa na maji na kupasua mabomba. Lipe sakafu nzito ya zege iliyofungwa na kuta, na kishimo cha kunyonyea usiweke upande wa ziwa. Udongo ukiwa ule mweusi unaopasuka, toa wote chini ya msingi, au tumia sakafu ya zege moja yenye nondo.

Mipango_Milimani:
Sasa ombi lenyewe. Kwa ule mfano wa kwanza unabaki na mita 10 za urefu. Kaunti ikidai, tuseme, mita 6 barabarani, zinabaki 4, na hapo hakuna nyumba. Ikilegeza hadi 3, unapata 7. Upana ni mita 15, toa 1.5 kila upande, unabaki na 12. Hiyo ni mita za mraba 84 za msingi, na ghorofa inapanda juu. Kwa hiyo omba kulegezewa upande wa barabara, si wa ziwa. Jirani wako hawana sababu ya kupinga hilo, na huenda hata wakakutilia sahihi.

Mpangilio: ramani ya mwinuko, barua kwa ofisi ya WRA Kisumu waje waweke vigingi vya ukanda, ripoti ya NEMA, ndipo kaunti. Omba vigingi kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Ploti_Dunga:
Saveya anaanza Jumatatu. Maramu nimeahirisha.