Nimejitolea kuokoa mbwa koko, lakini hali yangu inazidi kuwa ngumu. Nifanyeje?

Muulizaji
Ndugu zangu, kwa miaka mingi nimekuwa nikiokota mbwa koko, kuwatibu na kuwatafutia watu wa kuwalea. Sina mfadhili, ninachokipata katika vibarua ninagawana nao, na tangu mgongo uanze kunisumbua kuna siku ninashindwa kuinua hata ndoo ya maji. Nimechelewa kulipa kodi ya nyumba, jamaa zangu wamenichoka, na mara kadhaa nimeacha kununua dawa zangu ili ninunue za mbwa. Juzi nimeletewa jike ambaye mbavu zake zinahesabika, ngozi imeliwa na upele, na chuchu zilizojaa maziwa zinaonyesha kwamba ana watoto mahali fulani. Sikuweza kumkataa. Naomba kuwauliza waliopitia njia hii: mtu huendeleaje na kazi hii bila kuangamia, na je, ni usaliti kumkataa mbwa anayeletwa mlangoni?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, ndugu. Nianze na huyo jike, kwa kuwa yeye hawezi kusubiri. Usimjazie bakuli. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa chakula kingi kwa ghafla, madini katika damu yake, hasa fosfeti na potasiamu, hushuka haraka na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Mpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, ukiongeza taratibu. Aliyekuletea akuonyeshe alikomtoa, kwa sababu watoto wachanga hawavumilii kukosa maziwa na joto la mama. Jike anayenyonyesha huuma akiwalinda watoto wake, na historia yake ya chanjo huijui. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Wewe unayeshika mbwa wasiojulikana kila siku unastahili kuchanjwa kabla hujaumwa.

Mchangiaji wa pili
Kwa maoni yangu, si usaliti. Idadi ya mbwa unaoweza kuwatunza huamuliwa na maji, dawa na nguvu za mikono yako, wala haiongezeki kwa sababu moyo wako ni mpana. Mbwa wakisongamana, virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwatapisha mbwa hadi kufa, vikiingia na mtoto mmoja tu wa mbwa asiyetengwa vinaweza kuwamaliza watoto wote wasiochanjwa, na hubaki udongoni kwa miezi mingi hata baada ya kinyesi kuondolewa. Ninawajua watu wema waliofikishwa hapo na huruma isiyo na kikomo.

Fikiria pia kazi isiyohitaji kumleta mbwa nyumbani. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 na kwa kawaida huingia kwenye joto la kutaka dume kama mara mbili kwa mwaka, hivyo kumfunga kizazi mmoja, kumchanja na kumrudisha anakolishwa na majirani kunazuia mateso ya vizazi ambavyo usingeweza kuvipokea. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi ya kichaa hukatika, na hapo hata wasiopenda mbwa huenda wakaacha kuwawekea sumu.

Mchangiaji wa tatu
Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu kikomo, ila hesabu ya vizazi vijavyo haimsaidii anayetazamana na mbwa aliye hai mlangoni. Kwangu kilichosaidia ni sharti moja: anayemleta mbwa hamwachi na kuondoka. Atamlaza kwake nami nimtibu, au atalipia dawa, au atakuja kufua matandiko. Wengine hukasirika na kuondoka, lakini wengi hubaki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaomba chochote. Na dawa zako, ndugu, zinunuliwe kabla ya za mbwa yeyote. Ukilazwa wewe, nani atawafungulia mlango asubuhi?

Muulizaji
Nawashukuru kwa dhati. Nimempigia simu aliyemleta huyo jike, naye amekubali kunipeleka alikomwokota na kuwahifadhi watoto kwake pamoja na mama yao hadi waache kunyonya. Mimi nitashughulikia matibabu, kisha nitamfunga kizazi. Hadi hapo sitapokea mbwa mwingine.