VLC 4.0 ya majaribio: kipi kipya, na namna ya kuijaribu bila kuvuruga 3.0

Mtegasikio

Wakuu, heshima kwenu. Natumia VLC 3.0, kichezaji cha muziki na video, kwenye Windows ya biti 64. Nataka kuonja 4.0 ile inayojengwa upya kila usiku, kwa sababu tatu. Kwanza, albamu za tamasha ambazo wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine: 3.0 inaacha pengo dogo kila faili linapobadilika. Pili, manukuu ya lugha mbili kwa pamoja. Tatu, maktaba mpya ya faili.

Je, 3.0 na 4.0 zinaweza kukaa kwenye mashine moja bila 4.0 kugusa mipangilio ya 3.0? Hayo matatu yanafanya kazi kweli au bado ni ahadi? Na ikigoma, nianzie kuchunguza wapi?

Fundi_Folda

Zinakaa pamoja bila shida, mradi usiguse faili la kusakinisha la .exe. Kisakinishi cha toleo la usiku kinataka kukaa palepale ilipo 3.0, na kitaiondoa. Ingia nightlies.videolan.org, fungua sehemu ya win64 ya 4.0, chukua .zip au .7z, uifungulie kwenye folda yake pekee, tuseme D:\vlc4.

Kabla ya kuiwasha, tengeneza folda tupu iitwayo `portable` kando kabisa ya vlc.exe. VLC ikiiona folda hiyo inaweka humo mipangilio, data na akiba yake yote. Usipoiweka, 3.0 na 4.0 zote zitasoma %APPDATA%\vlc, na hapo ndipo balaa linapoanzia: ukibonyeza kuhifadhi mipangilio ndani ya 4.0, inaandika upya faili zima la `vlcrc` kwa chaguo inazozijua yenyewe. Chaguo za 3.0 zilizoondolewa kwenye 4.0 zinapotea kimyakimya, halafu mtu anailaumu 3.0.

Hakikisha hivi: iwashe, badilisha kitu kimoja kwenye mipangilio (Ctrl+P), hifadhi, ifunge, kisha tazama ndani ya `portable`. Ukikuta `vlcrc`, mambo safi. Ikiwa tupu, mara nyingi ni kwa sababu faili la zip lilifunguka likiwa folda ndani ya folda, na `portable` ikabaki ngazi ya juu.

Ukichukua toleo jipya zaidi, usilifungulie juu ya la zamani. Moduli za zamani zitabaki ndani ya `plugins`, hazitaendana na kiini kipya, na utapata programu isiyofungua faili lililokuwa linafunguka jana. Futa folda nzima ukibakiza `portable`, kisha weka mpya.

Desibeli

Nijibu la muziki, maana ndilo lenye mabadiliko makubwa zaidi ndani kwa ndani. Kwenye 3.0 kila faili likiisha, njia ya sauti inafungwa na kufunguliwa tena. 4.0 ina kichezaji kilichoandikwa upya: faili linalofuata linaandaliwa kabla la sasa halijaisha, na sauti inaendelea kutiririka. Kwa hiyo ndiyo, pengo limeondoka.

Ila kuna masharti. Faili zote mbili ziwe na masafa yaleyale ya sampuli na idadi ileile ya chaneli. Ukitoka 44.1 kHz kwenda 48 kHz, towe la sauti lazima lijipange upya na utasikia mkato. Hilo si kosa la programu.

La pili ni MP3. Fremu moja ya MP3 ni sampuli 1152, karibu milisekunde 26 kwa 44.1 kHz, na kisimbaji (programu inayotengeneza MP3) huongeza ukimya mwanzoni na kujaza fremu ya mwisho. Kisimbaji cha LAME peke yake huongeza sampuli 576 mwanzoni. Idadi ya kukata imeandikwa kwenye kichwa cha faili. Kama kichwa hicho kiliondolewa na programu ya kuhariri, hakuna kichezaji kitakachojua pa kukata. Fanya jaribio lako kwa FLAC, ambayo haina ukimya wa aina hiyo. FLAC ikipita laini na MP3 ikikatika, huenda tatizo ni faili zako.

Manukuu2

Manukuu mawili yapo na yanatumika. Fungua kidirisha cha sauti na manukuu wakati video inacheza, weka tiki kwenye mkondo wa kwanza, kisha wa pili. Mkondo wa pili una mpangilio wake wa mahali pa kukaa na ucheleweshaji wake wenyewe, kwa hiyo kama faili moja la SRT limechelewa nusu sekunde unalisogeza bila kuharibu jingine.

Kinachowasumbua wengi ni aina ya manukuu. SRT ni maandishi matupu, yanakubali kupelekwa juu au chini. PGS za Blu-ray na VobSub za DVD ni picha zenye mahali pake tayari, na ASS mara nyingi hubeba maelekezo yake ya nafasi. Ukichagua PGS mbili zitapandiana chini ya skrini. Acha PGS iwe chini, kisha tafuta SRT kwa lugha ya pili uipeleke juu.

Mtegasikio

Shukrani wakuu, folda ya `portable` imekubali na FLAC zinapita bila pengo. Sasa maktaba: tangu niiwashe, diski inasoma mfululizo na prosesa iko juu, hata nisipocheza kitu. Tena video zikianza picha inakuwa nyeusi, sauti inasikika.

Fundi_Folda

Diski: hiyo ni maktaba inapitia folda zako, inasoma lebo za nyimbo na kutengeneza picha ndogo za video, kisha inaweka kumbukumbu kwenye hifadhidata ya SQLite. Mara ya kwanza inachukua folda za Video na Muziki za mtumiaji. Mkusanyiko mkubwa kwenye diski ya kuzunguka utachukua muda; uiache imalize, kwani ikishamaliza haianzi upya kila ukiiwasha. Kama hutaki, nenda kwenye mipangilio, orodha ya folda zinazochunguzwa, uondoe kubwa ubakize moja ya majaribio. Kuizima kabisa, iwashe kwa `vlc --no-media-library`.

Picha nyeusi: zima kwanza usimbuaji wa kadi ya michoro kwenye sehemu ya ingizo na kodeki, ifunge, iwashe tena. Picha ikirudi, unajua kosa liko kati ya dereva wa kadi na kisimbuzi. Isiporudi, rudisha usimbuaji huo, kisha badilisha towe la video. Kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha vyote hutajua kipi kiliponya.

Pengwini_Mkimya

Kwa wa Linux wanaosoma: njia fupi ni snap, mfumo wa kusakinisha programu: `sudo snap install vlc --edge`. Mipangilio inakaa ~/snap/vlc, haigusi ile ya kifurushi cha kawaida. Maktaba haitaona diski ya nje mpaka utoe ruhusa: `sudo snap connect vlc:removable-media`. Kama tayari una VLC ya snap, tumia `sudo snap refresh vlc --edge`, na kurudi ni `--stable`.

Jambo jingine: viendelezi vya 3.0 vilivyoandikwa kwa lugha ya Lua na kutumia `vlc.input` vitakufa, kazi hiyo imehamia `vlc.player`. Na aliyeandika programu yake kwa libVLC, yaani injini ya VLC ya kutumiwa ndani ya programu nyingine, ajiandae. Kazi ya `libvlc_media_player_stop` sasa ni `libvlc_media_player_stop_async`.

Desibeli

Ukithibitisha ni hitilafu ya VLC yenyewe, ripoti bila logi (rekodi ya yaliyotokea ndani ya programu) haina faida kwa mtu. Iwashe hivi:

`vlc.exe -vv --file-logging --logfile=D:\vlc4\logi.txt`

Cheza faili mpaka tatizo litokee, funga. Ripoti inaenda code.videolan.org, mradi wa vlc. Weka namba ya marekebisho (imo kwenye dirisha la kuhusu VLC), logi, na kipande kifupi cha faili kinacholeta tatizo. Tafuta kwanza kama limesharipotiwa.

Kama kitu kilikuwa kinafanya kazi wiki iliyopita, fanya kazi ya ziada kidogo. Majina ya folda za matoleo ya usiku yana tarehe. Chukua la katikati kati ya lililo zima na lililoharibika, lijaribu, kisha nusu iliyobaki. Matoleo 16 yanaisha kwa majaribio 4. Ukiandika kwenye ripoti "la usiku huu lilifanya kazi, linalofuata halikufanya", msanidi anabaki na mabadiliko machache tu ya kukagua. Usichelewe kufanya hivyo, matoleo ya zamani hufutwa kwenye seva.